Mnaolisha panya karela, pimeni mabaki kwanza

Wadogo zangu wa maabara, juzi nimepita chumba cha panya nikakuta mtu anakung'uta mabakuli na kuyajaza upya bila kupima kitu. Usingizi ulinipaa. Ninyi mnaojaribu kama mimea, kama karela (lile tunda chungu), hupunguza mafuta ya ini, someni haya kabla hamjagusa kizimba kingine.

1. Pimeni chakula kilichobaki. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na panya 24, wanane wanane: chakula cha kawaida, chakula cha mafuta, na chakula cha mafuta kilichochanganywa na unga wa karela. Wiki kumi. Siku ya kuwapasua, maini ya kundi la mafuta yalikuwa na rangi ya siagi, na vipande vyake vikaelea kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia, kwa wingi wa mafuta. Ya karela yalikuwa mekundu, vipande vyake vikazama. Nikakimbia na vichupa mkononi hadi kwa mwalimu wangu. Akavitazama kwa muda, kisha akauliza: "Walikula kiasi gani?"

Sikuwa na jibu. Uzito wa panya nilikuwa nao wa kila wiki. Wa chakula, hata siku moja. Mzee aliyekuwa akisafisha vizimba akatuletea daftari lake. Kwa penseli, karibu kila siku tangu wiki ya pili, kwenye vizimba vya karela ameandika: "kimemwagwa kingi". Walikuwa wanakichimbua na kukiacha kwa sababu ni kichungu. Panya akila kidogo, ini lake hupunguza mafuta bila mmea wowote. Hata binadamu akipungua asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake, ini hupata nafuu. Nilichopima mimi ni njaa. Tukarudia na kundi la nne, lililopewa chakula cha mafuta bila karela, gramu zile zile walizokula wenzao wa karela jana yake. Ile tofauti kubwa ikapotea. Mwaka ukaenda, na wanyama 24 walikufa kwa swali ambalo sikuliuliza sawasawa. Linaniuma hadi leo.

2. Oil Red O, rangi ya kuonyesha mafuta kwenye hadubini, inataka vipande vilivyogandishwa. Ukishapitisha ini kwenye alkoholi na zailini, mafuta yameondoka.

3. Kurukumini, kemikali ya bizari ya manjano, ina rangi yake na hung'aa yenyewe kwenye mashine ya kusomea mwanga. Wekeni kisima (kishimo cha sahani ya kupimia) chenye kurukumini bila seli, mjue mng'ao wake wenyewe.

4. Pigeni hesabu ya dozi. Miligramu 400 kwa kilo ya panya, gawa kwa 6.2 (kigezo cha kugeuza dozi ya panya kuwa ya binadamu), zidisha kwa mtu wa kilo 70: unapata gramu 4.5 za ekstrakti kavu kila siku. Na msiwaambie watu cha mmea hakidhuru. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kuwa EGCG, kemikali ya chai ya kijani, ikinywewa kama kirutubisho cha ziada kuanzia miligramu 800 kwa siku, inahusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini kwenye damu, dalili ya ini kuumia. Shangazi yangu, alipoambiwa baada ya ultrasaundi kwamba ini lina mafuta, alinipigia akitaka nimtajie majani ya kuchemsha. Nikamwomba aanze kwa kuacha soda mbili za kila siku. Alininunia wiki nzima, lakini aliziacha.

Jumatatu naleta mzani mdogo. Kila bakuli lipimwe asubuhi, na kilichomwagika kichekechwe kutoka kwenye maranda, kipimwe nacho.