Kalichana jarida tena

SWALI: Asalamu alaykum Mwalimu. Nina kijana wa miaka tisa. Kitabu cha shule akikishika dakika tano, usingizi. Lakini mjomba wake wa Mombasa akimletea majarida ya michezo ya watoto, yale ya mitumba ya Kizungu, hushinda nayo barazani mpaka magharibi. Tatizo ni mkasi. Hukata picha zote, na Salah, yule mcheza mpira, ameshambandika kwenye kabati langu la harusi. Babake asema ni pesa za kutupa, nimwambie mjomba aache. Nifanyeje? – Mama wa Watatu, Langoni, Lamu.

JIBU: Waalaykumu salamu, mama. Mwambie mjomba aendelee. La kabati nakupa pole, nitalirudia.

Kwanza mkasi. Majarida hayo yalitengenezwa yachezewe. Shoot ya Uingereza, iliyoanza 1969, ilikuwa ikifungua msimu kwa kadibodi yenye vijitundu na vibao vya majina ya timu, mtoto avipandishe na kuvishusha kila wiki kwa matokeo. Sports Illustrated Kids ya Marekani ilipoanza 1989 iliweka ndani karatasi ngumu ya kadi tisa za wanamichezo, imetobolewa pembeni ili mtoto azinyofoe. Kadi ya mcheza gofu Tiger Woods ya 1996 ilitoka humo, na leo wakusanyaji huigombania kwa maelfu ya dola. (Hilo usimwambie kijana, atakuja kudai hata Salah wa kabatini auzwe.)

Sasa kusoma. Nilifundisha huko huko kisiwani miaka mingi, na nilikuwa na mvulana aliyekimbia hesabu kama paka na maji. Siku moja nikamkuta nyuma ya darasa anasoma msimamo wa ligi. Nikamuuliza: timu imecheza mechi kumi, imepoteza moja tu, ina pointi 23, imetoka sare ngapi? Akatazama juu, akahesabu kwa vidole, ushindi pointi tatu, sare pointi moja, kisha akasema, "Mbili, Mwalimu, na imeshinda saba." Hiyo ni hesabu aliyoikataa ubaoni wiki nzima. Basi usimuulize kijana wako "umesoma nini?" Muulize nani anaongoza, kwa tofauti ya mabao mangapi, na kwa nini yule wa pili yuko chini ilhali pointi ni sawa. Kizungu chenyewe kisikutie hofu. Atakisia neno kwa picha, na asipoelewa atakuja kuuliza. Kitabu cha shule hajawahi kukuulizia neno, au sivyo?

Jaribu na hili. Katika jarida moja tulisoma kwamba Mike Powell, Mmarekani wa kuruka mbali, aliruka mita 8.95 kule Tokyo mwaka 1991. Watoto wakasema, si nyingi. Nikachukua mshipi wa kuvulia, nikaupima kwa rula ya darasani, nikapiga fundo kwenye 8.95, jioni tukaenda nao ufukweni Shela. Tulipounyoosha mchangani walinyamaza. Aliyeruka mbali zaidi kati yao hakufika hata nusu ya mshipi. Usiku ule, mamake mmoja aliniambia, mwanawe aliisoma upya habari ile yote, mpaka maneno madogo chini ya picha.

Ninalokataza ni moja: asipewe gazeti la michezo la wakubwa bila wewe kulipitia. Kurasa za mikeka ya kubeti zitoe kabla hajaziona. Hapo ndipo mkasi ushike wewe.

Na kasoro ya majarida ya mjomba naijua: humo Lamu haimo, na wasichana ni wachache. Kama ana dada, ukiona habari za Faith Kipyegon kwenye Taifa Leo mkatie; dhahabu tatu za Olimpiki za mita 1500, 2016, 2021 na 2024, si mchezo. Kisha wape daftari kuukuu watengeneze jarida lao. Mashua zikishindana, mmoja aandike nani alibisha vizuri upepo ulipomjia mbele na nani alilikosa boya, mwingine achore tanga. Mbio za punda pia, na jina la punda liandikwe, maana ndiye aliyekimbia. Watakosea herufi, usisahihishe toleo la kwanza.

Kuhusu kabati: usimkwangue Salah kwa kisu, utalitia alama. Lowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, mfunike nacho kidogo; kama gundi ni ya kuyeyuka kwa maji, atalegea. Halafu mpe kijana ubao wake, na gundi ya unga wa ngano uipike wewe, utie chumvi kidogo. Pasipo chumvi gundi huota ukungu upesi.