Batiki inayochuja rangi
Dada yangu wa Mbagala, umeuliza kwa nini batiki zako huchuja rangi zinapofuliwa, ilhali kitambaa ni cha pamba tupu ulichonunua Kariakoo. Nadhani kosa linaanza kabla ya rangi: kitambaa kipya huja na wanga wa kiwandani, na usipokifua kwa maji ya moto na sabuni, rangi hukaa juu ya wanga huo badala ya kuingia kwenye nyuzi. Kisha, kwa kuwa unatumia kostiki na haidrosalfaiti, zile kemikali za kuyeyushia rangi, ukikitoa kitambaa kwenye beseni kianike kivulini hadi hewa iikomaze rangi, ndipo ukisuuze na kukichemsha ili nta uliyochorea maua itoke. Vaa glavu, kwani kostiki huunguza. Kovu langu la mkononi lilitokana na uzembe huo.