Jibu: Kwa nini mtafiti wa TB anataka damu ya mama na ya kitovu?

Dada, umeuliza kwa nini daktari mtafiti hapo Mbeya ameomba damu ya mdogo wako na ya kitovu, wakati mtoto atachomwa BCG, yaani chanjo ya TB, vilevile. Swali zuri, na hofu yako naielewa.

Kwanza, damu ya kitovu huchukuliwa kikishakatwa, upande wa kondo la nyuma ambalo lingetupwa. Mtoto hachomwi sindano kwa ajili hiyo.

Sasa BCG. Ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1921, na hadi leo kazi yake kubwa ni kumkinga mtoto na TB ile mbaya ya utando wa ubongo na ya kusambaa mwilini. TB ya mapafu ukubwani haiizuii vizuri. Mama humpitishia mtoto kingamwili, yaani protini za kinga za kwenye damu, kupitia kondo, lakini TB hudhibitiwa zaidi na seli za kinga, na za kichanga bado ni changa. Je, mama aliyebeba vimelea vya TB bila kuugua, au mwenye VVU, hubadilisha namna mtoto anavyoipokea chanjo? Hapo ndipo watafiti wanapochimba, na ndiyo maana wanataka damu zote mbili.

Kama mama ana TB yenyewe, hilo ni jambo jingine: aanze dawa haraka, mtoto apimwe. Mtoto akiwa hana TB, kawaida hupewa dawa ya kinga kwanza, BCG baadaye. Mama aendelee kunyonyesha, ila avae barakoa.

Fomu ya ridhaa mdogo wako aisome yote kabla ya kusaini, aulize kibali cha maadili ya utafiti. Akikataa, huduma zake za kliniki ziko palepale. Wakimnunia, aende kwa mganga mkuu.