Jibu: Mjomba alimwona Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, uwanja wa Wembley, London, mwaka gani?

Salaam ndugu. Kwa hiyo tiketi imepotea, na mjomba hakumbuki kama alimwona Freddie Mercury Wembley 1985 au 1986. Kwanza muulize habari ya taji. Mwaka 1986 bendi yake, Queen, walipiga pale siku mbili mfululizo, 11 na 12 Julai, na mwishoni Freddie alitoka na joho la kifalme na taji. Kwenye Live Aid, tamasha la hisani la 13 Julai 1985 hapo hapo Wembley, alivaa fulana nyeupe isiyo na mikono, jua halijazama, na walipiga kama dakika 20 tu. Akitaja bendi ya Status Quo usihangaike, walipanda jukwaani miaka yote miwili.

Mimi nilikuwepo 1986, nimebanwa mbele hadi viatu vikakanyagwa vikabadilika rangi. Taji lilipotokea nikapiga kelele, "Mtoto wa Unguja huyo!" Wazungu wakanitazama tu. Sauti ilinikauka siku tatu.

Akikiri taji, bado hujajua ni usiku upi. Hapo muulize kesho yake ilikuwaje: ya 11 ilikuwa Ijumaa, ya 12 Jumamosi. Mimi niliamka Jumapili saa nane mchana.