Kupeleka wanafunzi wa uhandisi mtaani: anzeni na tangi moja la mvua

Mwalimu wa uhandisi anayetaka wanafunzi wake wajifunze kwa kuihudumia jamii hapa Dar es Salaam, ushauri wetu wa kwanza ni huu: kabla ya kuchagua mradi, tazama kalenda ya mvua. Kwa kuanzia tunapendekeza tangi la maji ya mvua katika shule ya msingi. Kazi hiyo ni ndogo kiasi cha kumalizika, na ina hesabu za kutosha kumtoa mwanafunzi jasho.

Vyuo vingi hufungua mwaka wa masomo Oktoba au Novemba, wakati wa vuli. Hapo pimeni na kuuliza, kwa sababu maji yanapotuama panaonekana kwa macho. Januari na Februari jua ni kali: jengeni. Muhula wa pili huangukia masika, Machi hadi Mei, na masika ndiyo mtihani wenyewe. Mkijenga Aprili, zege litanyeshewa kabla halijashika. Barua za kuomba kibali ziandikwe mapema mno, maana shule ya serikali iko chini ya halmashauri na mwalimu mkuu hawezi kuwaruhusu peke yake. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye ajulishwe.

Mkiuliza "mnahitaji tangi?" mtajibiwa ndiyo kila mahali. Ulizeni maji ya jana yalitoka wapi, nani aliyachota, yalitumika kwa nini, yalikwisha saa ngapi. Muulizeni mlinzi, mama anayepika uji na watoto wanaobeba madumu. Majibu yao ndiyo yanayoamua tangi likae wapi.

Sasa hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Jengo la madarasa mawili lenye urefu wa mita 18 na upana wa mita 8 lina mita za mraba 144, zikipimwa kwa ulalo wa ardhi, wala si kwa mteremko wa bati. Toeni asilimia 20 inayopotea kwa kuruka na kukauka. Dar hupata takriban milimita 1,100 kwa mwaka, kwa hiyo paa hilo linaweza kutoa zaidi ya lita 120,000. Wanafunzi wakifika hapa hushangilia, na hapo ndipo mwalimu awarudishe chini. Tangi la lita 5,000 hujazwa na milimita 44 tu, mvua ya siku moja ya masika, na yanayobaki yanamwagika. Shule yenye watoto 800, kila mmoja akitumia lita 2, hulimaliza kwa siku tatu. Waelezeni walimu wa shule ukweli huo mapema, mkubaliane maji ni ya kunawia mikono chooni, si ya kila kitu.

Mahali penye somo kubwa kuliko pote ni maji ya kwanza, yale yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tengeni nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 72 kwa paa letu. Wengi hutaka kuzikusanya kwenye bomba la inchi 4 lililosimamishwa ukutani. Bomba hilo hubeba kama lita 8 kwa mita, kwa hiyo mngehitaji mita 9, na ukuta una mita 3. Tumieni pipa la plastiki la lita 100 lenye mfuniko wa kubana, likiwa na mpira wa kuelea unaoziba mdomo likijaa. Chini toboeni tundu la milimita 3 ili lijitoe maji lenyewe. Tundu huziba kwa tope la bati, na pipa likibaki limejaa, uchafu wa mvua inayofuata unapita moja kwa moja hadi tangini. Wekeni na koki ya kufungua kwa mkono.

Tangi likijaa lina tani tano. Kitako kiwe na kipenyo kinacholizidi tangi kwa sentimita 15 kila upande, na kimo cha sentimita 60 ili ndoo ya lita 20 ipite chini ya koki. Kifusi kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15. Kikimwagwa chote mara moja, kitako kitalala upande mmoja na kung'oa bomba la kutolea. Zege limwagiliwe siku saba. Gata, yaani mfereji unaokinga maji ukingoni mwa paa, iteremke nusu sentimita kwa kila mita, vishikizo kila sentimita 60, na mteremko upimwe kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, ambao maji yake hulingana usawa ncha zote mbili. Kila tundu lifungwe wavu wa mbu, pamoja na bomba la kumwagia ziada: jiji hili lilikumbwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019.

Tafuteni fundi bomba wa mtaa huohuo, mlipeni, na wanafunzi wawe wasaidizi wake. Yeye ndiye atakayeitwa koki ikivuja.

Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilianzisha mwaka 1995 mpango wa EPICS, ambao wanafunzi hufanya miradi ya uhandisi ya kuihudumia jamii. Timu zake huchanganya wanafunzi wa miaka yote, hivyo mradi haufi wakubwa wakihitimu. Igeni hilo. Maksi nazo zigawanywe hivyo: sehemu itolewe baada ya masika, kwa timu iliyorudi kupima.

Siku ya kukabidhi, achieni shule koki mbili za akiba, washa za koki (vipete vya kuzuia kuvuja), gundi ya mabomba ya plastiki (PVC) na spana, na mwonesheni mlinzi namna ya kufungua pipa. Kisha afungue yeye, ninyi mkitazama. Oktoba ifuatayo, kabla vuli haijakolea, kundi jipya lirudi kusafisha gata, kuzibua tundu na kumuuliza mlinzi amelifungua pipa mara ngapi.