Kugeuza sentensi za Kiingereza kuwa kauli ya kutendwa: mdogo wako aanze na kitenzi

Ndugu, umeuliza kwa nini mdogo wako wa kidato cha tatu anazidi kupoteza alama kwenye kugeuza sentensi za Kiingereza kuwa kauli ya kutendwa, ilhali kanuni anaijua kwa moyo: kinachotendwa kije mbele, mtendaji aende nyuma na "by". Wengine wamekushauri umnunulie kitabu kingine cha mazoezi. Mimi nafundisha Kiingereza watahiniwa wa kujitegemea wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, hapa Buruburu, Nairobi, jioni wakishatoka kazini, na tatizo hilo nakutana nalo kila muhula. Hela ya kitabu iweke kwanza. Kanuni aliyopewa ni nusu ya kazi, na ile nusu nyingine ndiyo yenye alama.

Kubadilisha maneno nafasi hakumshindi mtu. Kazi iko kwenye kitenzi. Mpe sentensi hii: "The conductor is counting the money." Wanafunzi wangu wengi wapya huandika "The money is counting by the conductor," yaani pesa zenyewe ndizo zinazohesabu. Wengine huandika "The money is counted by the conductor." Hicho ni Kiingereza safi, lakini wakati umebadilika: jambo lililokuwa likiendelea sasa hivi limekuwa mazoea ya kila siku. Kwenye karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE maagizo hutaka sentensi iandikwe upya bila kubadilisha maana, kwa hiyo alama imekwenda. Jibu ni "The money is being counted by the conductor."

Wanakwama hapo kwa sababu Kiswahili kimewazoesha njia nyepesi. "Kondakta anahesabu pesa" inakuwa "Pesa zinahesabiwa na kondakta." Angalia ile -na- ya wakati: haikusogea. Tumepachika -w- karibu na mwisho wa kitenzi na mambo yamekwisha. Kiingereza hakina -w- ya kupachika. Kinaleta kitenzi kisaidizi, "be", na wakati wote unahamia huko. Kitenzi kikuu kinabaki katika umbo la tatu, iwe jana, leo au kesho: "counted", "written", "stolen".

Kwa hiyo mbadilishie utaratibu. Kabla hajahamisha neno lolote, apige mstari chini ya kitenzi na ataje wakati wake kwa sauti. Halafu ajiulize swali moja tu: "be" katika wakati huohuo ni nini? Palipo na "counts" ataweka "is", palipo na "counted" ataweka "was". "Is counting" itampa "is being", "was counting" itampa "was being". "Has counted" inakuwa "has been", "had counted" inakuwa "had been", "will count" inakuwa "will be". Wale "can", "must" na "should" wote hufuatwa na "be" tupu. Akishaipata "be" yake, anaongeza umbo la tatu. Kuhamisha maneno kunakuja mwisho kabisa. Hapo pia aangalie upatanisho, kwa sababu "be" inamfuata kiima kipya: "The boy has taken the phones" inazaa "The phones have been taken", si "has".

Sasa nije kwenye lile linalotuumiza zaidi sisi wasemaji wa Kiswahili, na sioni vitabu vya mazoezi vikiligusa.

Mwanafunzi wangu mmoja, mama anayeuza nguo soko la Gikomba, aliniletea barua aliyotaka kumpa mwenye nyumba kueleza kwa nini kodi imechelewa. Aliandika: "I was stolen my bag with the rent inside." Kila mtu Nairobi amewahi kusikia sentensi ya namna hiyo, na anayeisema si mjinga. Amefuata sarufi ya Kiswahili barabara. "Nimeibiwa mkoba" ni sahihi kabisa, kwa sababu kitenzi "ibia" kinampokea mtu aliyepatwa na jambo na kumfanya shamirisho, kisha -w- inamleta mbele awe kiima. Kiingereza hakina kauli ya kutendea. "Steal" inapokea kile kilichoibwa, si aliyeibiwa, na kwenye kauli ya kutendwa kinachoweza kuja mbele ni kile tu ambacho kitenzi kilikuwa kinakipokea. Tukaandika "My bag was stolen with the rent inside it." Ukitaka mtu awe mbele, utatafuta kitenzi kinachompokea mtu, "I was robbed of my bag", au useme "I had my bag stolen."

Ukishaliona hilo, makosa mengi yanajieleza yenyewe. "Nilielezwa" huwafanya watu waandike "I was explained," lakini "explain" haimpokei mtu moja kwa moja, kwa hiyo ni "It was explained to me". "Nilipewa" haina shida, "I was given", kwa kuwa "give" inapokea shamirisho mbili, kipozi (kinachotolewa) na kitondo (anayepewa), sawasawa na "pa" ya kwetu. Ndiyo maana "The teacher gave Amina a prize" ina majibu mawili, "Amina was given a prize" na "A prize was given to Amina", na hilo la pili halisimami vizuri bila "to". Waingereza wenyewe hupendelea kumtanguliza mtu. "Tulinyeshewa" ni "We were rained on", na ile "on" isidondoke. "Amefiwa na baba yake" haina njia ya kutendwa hata kidogo, maana "die" haina shamirisho. Sema "She has lost her father" uendelee.

Jaribio ninalowapa ni hili. Weka kitenzi cha Kiingereza na nomino baada yake bila kihusishi chochote katikati. "Steal the bag" inakubali. "Steal me" haikubali, labda kama umetekwa nyara. Kilichokubali ndicho kitakachokuja mbele.

Jaribio hilohilo litamwonyesha vitenzi visivyogeuka. "Arrive", "fall", "happen" na "die" ni vitenzi si elekezi, yaani havipokei shamirisho, kwa hiyo "The accident was happened" haipo popote duniani. Hapa kauli yetu ya kutendeka nayo inachanganya watu. "Mlango umefunguka" si "umefunguliwa". Kiingereza kinasema "The door opened", kauli ya kutenda, na hakuna cha kugeuza. Halafu viko vitenzi vichache vinavyopokea nomino baada yake lakini vinakataa kugeuka: "have", "resemble", "cost". "The shoes cost a thousand shillings" inabaki hivyo hivyo.

Kuhusu "by" na "with", Kiswahili kinamsaidia bure. Penye "na" ya mtendaji weka "by", penye "kwa" ya ala weka "with". Mkate ulikatwa na mpishi kwa kisu: "The bread was cut by the cook with a knife." Na kama mtendaji ni "someone", "people" au "they" wasiojulikana ni akina nani, aachane naye. Yule mama hakuwa na haja ya kuandika "by a thief", nani mwingine angeiba?

Mitego ya mtihani iliyobaki ni michache. Swali lenye "did" huipoteza "did" yake: "Did the watchman lock the gate?" inakuwa "Was the gate locked by the watchman?", wala si "Did the gate was locked". "Who wrote this letter?" inakuwa "By whom was this letter written?" au "Who was this letter written by?" "They made us wait" inarudisha "to" iliyokuwa imefichwa: "We were made to wait." Huu humnasa hata mwanafunzi hodari. "Her aunt looked after the baby" inabaki na "after" yake: "The baby was looked after by her aunt." "People say that he is rich" inatoa "It is said that he is rich" au "He is said to be rich". Ile ya amri, "Let the gate be opened", aijue kwa ajili ya mtihani, lakini mwambie ukweli kwamba hatasikia mtu akiongea hivyo langoni.

Umbo la tatu la vitenzi vinavyokwenda kombo halina njia ya mkato. "Was stole" na "was wrote" hutoka kwa watoto wenye akili sana. Akariri vichache kila jioni kwa sauti: steal, stole, stolen, write, wrote, written, cut, cut, cut.

Kuhusu mazoezi, Nairobi yenyewe inatosha. Kwenye mageti ameona "Trespassers will be prosecuted". Mwambie airudishe kwenye kauli ya kutenda na amtaje mtendaji. Risiti za maduka zina "Goods once sold cannot be returned". Vichwa vya habari magazetini ndivyo navipenda kuliko vyote, kwa sababu huiacha "be": "Two arrested", "Road closed". Akipita kwenye meza ya magazeti asome kichwa kimoja na kukijaza, "Two people have been arrested", "The road has been closed". Pale analazimika kuchagua wakati mwenyewe, na kuchagua wakati ndiko kunakomshinda.

Ukimaliza kumpitisha kwenye hayo, tafadhali weka hapa sentensi zinazomsumbua. Usiandike swali peke yake. Andika na jibu alilotoa neno kwa neno, hata kama ni kombo kiasi gani, nione kama ameteleza kwenye wakati, kwenye umbo la tatu au kwenye lile la "nimeibiwa". Huwa napita humu usiku baada ya kipindi cha mwisho.