Ndevu za miti: usikimbilie asetoni kabla hujasafisha

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nafundisha kemia huku Marangu, wanafunzi wangu wameokota zile ndevu za kijani zinazoning'inia kwenye miti ya mlimani, tunataka kutoa ile asidi ya njano inayosemwa inazuia bakteria. Tumechemsha na maji hatujapata kitu. Tunakosea wapi, na je dawa yake inanyweka?
– Mwalimu, Marangu

JIBU: Salama mwalimu, na hongera kwa kuwapa vijana kazi ya mikono. Hizo ni laikeni za jenasi ya Usnea, yaani kuvu na mwani wanaoishi mwili mmoja, na kuhakikisha lowesha uzi mmoja uuvute taratibu, ndani utaona kamba nyeupe inayovutika kama mpira. Mnayoitafuta ni asidi ya asniki na hiyo haiyeyuki kwenye maji, hata mchemshe mpaka jioni, ila asetoni, kimiminika cha maabara kinachoyeyusha vitu kama hivyo, inaitoa vizuri tu.

Lakini ngoja kwanza, manake kazi nyingi zinaharibikia kwenye usafi. Sampuli chafu inakupa rangi za magome na mafuta ya wadudu halafu unashangilia kitu ambacho sio. Kaeni mezani na kibano, toeni magome, vimea vya mosi (moss), wadudu, vumbi pigeni kwa brashi laini, kama lazima suuza haraka na maji baridi. Mkishamaliza tandazeni kivulini kwenye karatasi, sio juani na sio kwenye mfuko wa plastiki sababu itaota ukungu, na kama mna oveni ya maabara isizidi nyuzi 40 hivi. Ikikauka mpaka inavunjika ndio msage. Bakizeni kipande kizima kwenye bahasha, andikeni tarehe, mahali, mwinuko na aina ya mti, bila hivyo hakuna atakayeweza kuhakiki mlitumia nini.

Sasa loweka kwenye asetoni ya maabara, chupa ya kioo yenye kifuniko, usiku mzima, chuja, rudia mara mbili tatu kisha acha ikauke yenyewe penye hewa, mbali kabisa na moto, mvuke wake unawaka vibaya sana. Ile ya kufutia rangi ya kucha achaneni nayo, ina manukato na mafuta.

Mnaokota wapi? Laikeni hukua polepole sana, kwahiyo chukueni zilizodondoka na matawi, na ndani ya hifadhi msiguse bila kibali. Za kando ya barabara zina madini mazito ya moshi, hizo hapana.

Kunywa, hapana mwalimu, nakuomba kabisa. Mwaka 2001 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu waache vidonge vya kupunguza unene vilivyokuwa na asidi hiyo baada ya watumiaji kuharibika ini. Ijaribuni kwenye sahani za maabara zilizooteshwa bakteria, kwa wanafunzi inatosha.